Shauri Lisilomgeuza Mtu

Katika nchi yetu hakuna jambo linaloitishwa kwa wepesi kama kikao, wala hakuna jambo linalosahauliwa kwa wepesi kama lile lililonenwa ndani yake. Mwenyekiti wa kijiji huita mkutano, bodi ya chama cha ushirika huita wanachama, mwalimu mkuu huita wazazi, na ndugu wa marehemu huketi jamvini kuzungumzia mirathi. Na katika kila kimoja cha vikao hivi mwenye cheo husimama, akamshukuru Mungu, akaeleza jambo lilivyo, kisha akatamka maneno tuliyoyazoea sote, kwamba uwanja u wazi na kila mwenye rai na aitoe. Rai hutolewa, na pengine huandikwa katika muhtasari kwa mwandiko mzuri. Lakini aghalabu jambo lenyewe lilikwisha kukatwa kabla viti havijapangwa, na wale walioalikwa kunena walialikwa ili majina yao yatiwe katika karatasi ya mahudhurio.

Dai langu ni kwamba kipimo cha shauri si wingi wa waliosema, wala upole wa aliyeongoza mazungumzo, bali ni swali moja jepesi kulitaja na zito kulijibu: je, palikuwa na mtu pale aliyeweza kutoka na nia isiyokuwa ile aliyoingia nayo? Pasipo na mtu wa namna hiyo, hata kama watu elfu wamesema na jua limekuchwa, hapakuwa na shauri. Palikuwa na hotuba nyingi zilizofuatana. Na maadamu hoja isiyo na mifano ni kama nyumba isiyo na nguzo, nitaitafuta mifano yangu katika mji mmoja tu, Tabora, na katika njia ya zamani ya misafara iliyopita hapo, kwa kuwa sioni mji mwingine wa bara la Tanzania ambamo watu wasiofanana walilazimika kusikilizana kwa miaka mingi hivyo, mara wakafaulu na mara wakaangamia.

Tabora, ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliijua kwa jina la Kazeh, na nchi yake kwa jina la Unyanyembe, haikuwa na bahari wala mto mkubwa wa kuipa fahari; fahari yake ilikuwa kwamba njia zilikutana pale. Njia iliyotoka Bagamoyo na mrima wote ilikwea, ikakata Ugogo, ikafika Tabora, na hapo ikagawanyika, tawi moja likaenda magharibi hadi Ujiji na Manyema iliyo ng'ambo ya ziwa Tanganyika, na jingine likaenda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani na pembe za ndovu begani, wakapanda bara na majora ya nguo, shanga na nyaya za shaba. Na kwa kuwa misafara ilitua Tabora kwa majuma na miezi ikitafuta wapagazi wapya, Mnyamwezi, Mwarabu wa Oman, Mswahili wa pwani na Mmanyema walikuwa na wasaa wa kuulizana habari. Katika njia hiyo hiyo walipitishwa watumwa, wala sitaki msomaji adhani kwamba nausifu mji kwa kila kilichotendeka ndani yake. Nasema tu kwamba wazee wetu waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema neno ambalo Tabora ililijua kwa kuliishi.

Mfano wangu wa kwanza ni wa maziwa. Katikati ya miaka ya 1850 wamisionari wawili wa Kijerumani waliokaa pwani, Johannes Rebmann na Jakob Erhardt, walitoa ramani ya bara ambamo palionekana ziwa moja kubwa ajabu, limelala katikati ya Afrika kama konokono aliyenona. Hawakuwa watu wa ghururi, kwani waliuliza wengi. Waliwauliza waliosafiri kwa njia ya kusini, ya kati na ya kaskazini, na kila mmoja akawajibu kwamba mwisho wa njia yake ni maji makubwa. Wakayachukua majibu yote, wakayaunganisha, wakapata bahari. Kosa lao halikuwa kutosikiliza. Kosa lao lilikuwa kuyakutanisha majibu kabla ya kuwakutanisha waliojibu.

Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Hanning Speke walifika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857 wakiwa na picha hiyo vichwani mwao, nao wakapokewa na tajiri mmoja wa Kiarabu aitwaye Snay bin Amir, mtu ambaye kwa maelezo ya Burton alianza maisha Muscat kwa kazi ya kutengeneza vitu vitamu, akainuka kuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa pembe na watumwa. Hakuwa mtu wa kusifiwa kwa biashara yake. Lakini alikuwa na jambo ambalo wataalamu wa London hawakuwa nalo: misafara yake ilikwenda pande zote, na mfanyabiashara anayekosea umbali wa ziwa hupoteza mtaji wake na watu wake. Akawaambia wageni kwamba ziwa si moja. Kwamba maji ya Ujiji yako mbali upande wa magharibi, maji ya Ukerewe yako kaskazini, na Nyasa iko kusini, kila moja na njia yake. Wageni walisikia, wakapima, wakakubali. Ramani iliyoingia Kazeh haikutoka ilivyoingia, na hilo kwa kipimo changu lilikuwa shauri la kweli, ingawa walioketi barazani walikuwa watu wachache.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nisiamini kwamba kupokea rai ya mwingine ni tabia ambayo mtu huzaliwa nayo au hukosa kabisa. Wale wawili walikwenda Ujiji, wakaliona ziwa Tanganyika mwezi Februari 1858, wakarudi Kazeh wakiwa wagonjwa. Julai Speke aliondoka na watu wachache kwenda kaskazini kulitafuta lile ziwa la Ukerewe, akaliona mwanzoni mwa Agosti karibu na mahali ulipo mji wa Mwanza leo, na kabla Agosti haijaisha alikuwa amerejea Kazeh akiwa na yakini moyoni kwamba chanzo cha mto Nili kimepatikana. Burton, aliyekubali kufundishwa jiografia na tajiri wa Kazeh, hakukubali kufundishwa na mwenzake wa safari. Insafu inanilazimu kusema kwamba alikuwa na haki ya kudai ushahidi, maana Speke alikuwa ameona upande wa kusini tu, na mengine yote aliyapata kwa kukisia na kwa kuambiwa. Lakini kudai ushahidi ni jambo moja, na kukataa kwenda kuutazama ni jambo jingine. Wakakubaliana wasilizungumze tena jambo hilo, wakatembea hadi pwani miezi kadhaa na neno hilo limekaa kati yao.

Natija yake inajulikana. Speke alirudi Afrika na James Grant, akayaona maporomoko ya Nili pale Jinja mwaka 1862, na hata hivyo ubishi haukuisha. Septemba 1864, siku moja kabla ya yeye na Burton kukabiliana mbele ya wanazuoni katika mji wa Bath, Uingereza, alikufa mawindoni kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe. Ilikuwa hadi 1875, Henry Morton Stanley alipolizunguka ziwa lile kwa mashua, ndipo wanazuoni wa Ulaya walipotulia kwamba ni ziwa moja, na kwamba Nili hutoka humo, mambo ambayo baadhi yake watu wa Ukerewe na Usukuma wangeweza kuyaeleza mchana mmoja. Miaka 17 ilipotea kwa sababu swali la ziwa liligeuka kuwa swali la watu wawili: nani mwenye heshima zaidi, nani aliyemzidi mwenzake. Msomaji aliyepata kukaa katika kamati yoyote analijua gonjwa hili. Hoja ikisha kuitwa kwa jina la mwenye kuitoa, haipimwi tena. Hupendwa au huchukiwa.

Mfano wa pili nitaupitia kwa haraka, kwa kuwa ubaya wake hauhitaji maelezo mengi. Mwaka 1871 matajiri wa Tabora walikuwa katika ugomvi na Mirambo, mtemi wa Urambo, juu ya njia na biashara. Wakaketi barazani, Stanley akiwapo, akaandika yaliyonenwa. Khamis bin Abdallah akanena kwa ukali juu ya vita, na sauti ya kumuuliza Mirambo ataridhika na nini haikuwa na nafasi. Wote waliingia wakiitaka vita, wakatoka wakiitaka zaidi. Agosti hiyo jeshi lao lilivunjwa katika uvamizi wa ghafla wakati likirudi na mateka, na baada ya siku chache Mirambo aliingia Tabora yenyewe, akachoma sehemu ya mji, na Khamis bin Abdallah mwenyewe akauawa. Stanley, ambaye naye alikuwa ameunga mkono vita, alilazimika kuiacha njia ya kawaida ya Ujiji na kuzunguka kusini. Aprili 1876 alikutana na Mirambo ana kwa ana, wakachanjiana udugu, akastaajabu kumkuta mtu mpole wa maneno na mwenye staha. Ajabu hiyo ilichelewa miaka mitano.

Lakini ningekuwa mwongo kama ningemwacha msomaji adhani kwamba mtu mwema ni yule anayekubali kila analoambiwa. Dawa ya dhana hiyo iko Kwihara, mwendo mfupi kutoka Tabora mjini, katika lile tembe ambalo msafiri na mmisionari David Livingstone alikaa mwaka 1872 na ambalo leo ni makumbusho. Livingstone alifariki mwaka uliofuata katika nchi iitwayo Zambia leo, na watu wake, wakiongozwa na Abdallah Susi na James Chuma, waliukausha mwili wake, wakaufunga, wakauchukua kuelekea pwani. Oktoba 1873 walifika Unyanyembe, wakamkuta Luteni Verney Lovett Cameron, Mwingereza aliyekuwa njiani kuja kumsaidia Livingstone. Cameron akawashauri waache mashaka, wamzike hapo hapo. Alikuwa na cheo. Alikuwa wa taifa moja na marehemu. Na nasaha yake haikuwa ya kipumbavu, kwani njia ilikuwa ndefu na ya hatari, na watu wengi wa njiani hawakupenda maiti ipitishwe kwao.

Wale watu walimsikiliza, wakakataa. Waliona kwamba jamaa na taifa la marehemu wangetaka kumpata, na kwamba kazi waliyoianza hawakuwa na ruhusa ya kuikatiza. Hata hivyo hawakulidharau lile onyo la hatari, kwa maana walipofika mbele kidogo na kusikia kwamba wenyeji hawatakubali mzigo ule upite, walifanya tadbiri ambayo mimi naihesabu miongoni mwa werevu mkubwa wa njia ya misafara: walifunga mabua ya mtama yakawa kama maiti, wakawatuma wenzao wachache warudi nayo kwa dhahiri kuelekea Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika, nao wakayatupa mabua msituni kidogo kidogo, huku mwili wenyewe umefungwa upya katika umbo la robota la nguo la kawaida. Februari 1874 walifika Bagamoyo. Aprili Livingstone akazikwa Westminster Abbey. Walimkatalia Cameron hukumu yake, na hatari aliyoitaja wakaitafutia dawa. Kuwa tayari kugeuzwa si kugeuzwa na kila upepo. Ni kuwa na sababu ya kutogeuka, tena sababu iwezayo kuelezwa mbele ya yule uliyemkataa.

Karne iliyofuata ilileta kosa la namna nyingine, kosa la wataalamu. Mwaka 1946 tume ya watu watatu kutoka Uingereza ilizunguka Tanganyika na nchi jirani kwa majuma tisa, sehemu kubwa ikitazama nchi kutoka ndani ya ndege, ikapendekeza karanga zilimwe katika ekari zaidi ya milioni tatu kwa gharama ya karibu pauni milioni 25, ili Uingereza iliyotoka vitani ipate mafuta ya kupikia. Kongwa, Urambo na Nachingwea zikachaguliwa. Majuma tisa hayatoshi kuona masika na kiangazi vikipita juu ya shamba moja, na aliyeishi Kongwa misimu yote angeweza kusema kwamba mvua ya pale haina ahadi na kwamba udongo ule ukikauka hushupaa hata jembe likakataa. Matrekta yalivunjika, karanga zikashikwa ardhini, na Januari 1951 serikali ya Uingereza ikautupa mradi ikiwa imepoteza takriban pauni milioni 36. Urambo, kwao Mirambo, hatimaye ikaja kujulikana kwa tumbaku, zao lililostawi mikononi mwa wakulima wadogo. Wataalamu wale hawakukosa elimu. Walikosa mahali pa kuingizia neno la mtu asiye na cheti, na haraka yao ndiyo iliyoziba mahali hapo.

Sasa nafika katika mfano ulio mkubwa kuliko yote. Januari 1958 TANU, chama kilichozaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, kilifanya mkutano wake mkuu wa mwaka mjini Tabora, na jambo lililokuwa mezani lilikuwa kura tatu. Serikali ya Gavana Twining ilikuwa imetangaza uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria ambamo kila jimbo lingetoa wajumbe watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Na kila mpiga kura angelazimika kumpigia mmoja wa kila rangi, la sivyo kura yake ingeharibika. Uitazame karatasi hiyo, msomaji. Mtu anapewa kalamu, anaambiwa yu huru kuchagua, kisha anaambiwa kwamba asipowachagua na wale asiowataka, hata yule anayemtaka hatahesabiwa. Na hayo katika nchi yenye Waafrika zaidi ya milioni nane na Wazungu wapatao elfu 20, na mpiga kura mwenyewe akiwa ni lazima awe na elimu, kipato au cheo cha kiwango fulani, masharti yaliyowafungia nje walio wengi.

Wajumbe wengi walifika Tabora na nia ya kuususia uchaguzi huo, nao walikuwa na haki ya kuwa na hasira. Julius Nyerere, rais wa chama, ambaye hakuwa bado amefikisha miaka 36, alikuwa na rai iliyo kinyume: washiriki. Mji haukuwa mgeni kwake, kwani alisoma katika shule ya serikali ya Tabora na akafundisha St Mary's katika mji huo huo. Lakini urafiki na mji haukumpa kura hata moja katika ukumbi, na lililompa sikio la wajumbe, nionavyo mimi, ni kwamba mwezi mmoja kabla, Desemba 1957, alikuwa amejiuzulu katika Baraza la Kutunga Sheria kwa kuwa serikali haikusikia madai ya chama. Hakuna aliyeweza kumwambia kwamba anapenda kiti. Mtu anayetaka wenzake waiache nia yao hana budi kwanza aonyeshe kwamba hana faida ya siri katika nia yake.

Hoja yenyewe ilikuwa ya kupima natija. Tukisusa, viti vyote vitakwenda kwa United Tanganyika Party, chama kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa kuungwa mkono na wakubwa wa serikali, nacho kitanena kwa jina letu. Na watu wakizuiwa njia ya kura, watatafuta njia ya fujo, ambayo serikali ndiyo yenye bunduki za kuijibu. Tukishiriki, kura tatu zitawageukia waliozitunga, kwa kuwa mgombea wa Kizungu au wa Kihindi hatapita bila kura za Waafrika, na TANU itawachagua na kuwaunga mkono wale wanaokubali usawa. Mabishano yalidumu siku kadhaa. Waliopinga walipewa nafasi, wakanena yote waliyokuwa nayo, na hoja yao haikutupwa ikapotea, kwani mkutano haukuishia katika kukubali uchaguzi tu, bali uliambatanisha na uamuzi huo dai la serikali ya madaraka. Kura zilipohesabiwa, wengi walikuwa wamegeuka. Uamuzi huo ukaja kuitwa Uamuzi wa Busara, na kwa jina hilo wanafunzi wetu hufundishwa hadi leo.

Zuberi Mtemvu hakugeuka. Alitoka chamani, akaanzisha African National Congress, na tangu hapo jina lake limekuwa likitajwa kama la mtu aliyekosa. Mimi ninamtazama kwa jicho jingine. Alilosema juu ya dhulma ya kura tatu lilikuwa kweli tupu, na ushahidi ni kwamba utaratibu ule haukutumiwa tena: katika uchaguzi wa Agosti 1960 mpiga kura hakulazimishwa kura za rangi tatu, na TANU ikapata viti 70 kati ya 71. Tofauti yake na wenzake haikuwa juu ya uovu wa utaratibu, bali juu ya njia ya kuuondoa. Katika chaguzi mbili za Septemba 1958 na Februari 1959 wagombea waliopata baraka za TANU ndio walioshinda, miongoni mwao Derek Bryceson, Amir Jamal, Sophia Mustafa na Lady Chesham, na tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikawa huru. Matokeo yakamhukumu Mtemvu. Lakini tujihadhari na hukumu ya matokeo, kwani kama uchaguzi ule ungeshindwa, watu wale wale wangeitwa waoga na uamuzi ule ule ungeitwa uamuzi wa woga. Ubora wa siku zile za Tabora ulikuwapo kabla sanduku la kwanza halijafunguliwa: walio wengi walikuja na nia moja, wakasikia sababu, wakakiri mbele ya wenzao kwamba sababu ile ni nzito kuliko yao.

Najua nitajibiwa kwamba haya ni mambo ya taifa zima, na kwamba kijijini hakuna wasaa wa kubishana siku kadhaa. Tena nitakumbushwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo naiheshimu, illa nataka isomwe pamoja na ndugu zake, maana wazee wale wale walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake, na wakasema tena kwamba penye wengi pana Mungu. Ama kuhusu wasaa, hesabu ya pauni milioni 36 iko juu, na hesabu ya miaka 17 ya Burton na Speke iko juu yake. Ajizi ni mbaya. Lakini nimeona mara nyingi kwamba kinachoitwa uharaka wa kazi ni uvivu wa kusikiliza uliovaa kanzu safi.

Na tuteremke hadi kijijini kweli. Katika wilaya za Urambo, Kaliua na Sikonge mkulima wa tumbaku ya mvuke huyaning'iniza majani ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, akachochea moto usiku na mchana siku kadhaa, kwa kuni zinazotoka katika miyombo ambayo kila mwaka inazidi kusogea mbali. Ukataji huu ni msiba kwa msitu, kwa nyuki na kwa mfuga nyuki, na mtaalamu anayeleta bani la kisasa linalokula kuni chache analeta jambo jema. Akifika katika mkutano wa chama cha msingi na michoro yake, atawaona wazee mbele, na wenye mitumba mingi ya tumbaku kando yao. Anayeamka saa nane ya usiku kuuangalia moto, akijua jani likigeuka rangi kabla ya wakati wake hasara ni ya nani, aghalabu ni kijana au mke aliyeketi nyuma kabisa, au aliyebaki nyumbani. Mtaalamu akiondoka bila kumsikia huyo, bani litajengwa kwa kuwa fedha zipo, na baada ya misimu miwili litageuka banda la kuku, na ripoti itaandika kwamba wananchi ni wagumu kubadilika. Wananchi hawakuwa wagumu. Mgumu ulikuwa mkutano, ambao ulikuwa na mlango wa kutolea habari na haukuwa na mlango wa kuingizia.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imekipa kila kijiji mkutano mkuu wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, na utaratibu wake ni kukutana kila baada ya miezi mitatu. Chombo tunacho, basi; kinachokosekana ni adabu ya kukitumia, na adabu hiyo haihitaji fedha za mfadhili. Mwenyekiti aseme mwisho, kwa kuwa akisema kwanza wengine wote watakuwa wanamjibu yeye badala ya kulijibu jambo. Hoja iandikwe katika muhtasari bila ya jina la mtu mpaka ikishapimwa, ili pasiwe na Burton na Speke wa kijiji. Aliyepinga aandikiwe sababu yake kwa ukamilifu, si kwa maneno yale mafupi ya "wengine walipinga", kwani sababu ya leo iliyoshindwa yaweza kuwa dawa ya kesho, kama onyo la Cameron lilivyowafaa waliomkataa.

Na zaidi ya hayo yote, kila mkutano ufunguliwe kwa kusomwa jambo moja kabla ya ajenda nyingine yoyote: ni uamuzi gani uliogeuzwa au kurekebishwa kwa sababu ya rai zilizotolewa katika mkutano uliopita, na ni rai ipi iliyougeuza. Kama upo, watu wataona kwamba maneno yao yana kazi, nao watakuja tena. Kama haupo, katibu aandike hivyo waziwazi, kwamba hakuna; na mikutano mitatu ikipita na neno hilo likirudiwa, wanakijiji wawe na haki ya kumuuliza mwenyekiti wao kwa nini anawasumbua kuwaita.